Ishara Sitini na Moja

Jamil wa Kiembe Samaki, jirani yetu, alikuwa fundi wa kompyuta asiye na makuu. Mwaka 2003 hoteli moja ya Uroa ilimpa kazi ya kuangalia kompyuta ndogo iliyoendesha chumba cha kugandishia samaki. Hakuwa na haja ya kwenda huko. Aliketi kwake, akaunganisha kwa laini ya simu, akaisimamisha programu ya kule, akaikagua, kisha akairuhusu iendelee.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, kazi ilimkera. Ndani ya chumba kile mlikuwa na kitufe cha kengele, cha kumwokoa atakayefungiwa. Unyevu ulikiharibu, kikawa kinatuma ishara ovyo, na kila ishara ilipofika programu ilisimama. Jamil akaamuru: ishara ya kengele isisimamishe kitu, yeye mwenyewe asionyeshwe, wala isifikishwe kwenye programu. Alinuia kuifuta amri hiyo punde tu. Akasahau. Akala, akaswali, akalala.

Saa tisa aliamka akaifuta. Kioo cha kompyuta kikamwonyesha kuwa ishara sitini na moja zilikuwa zimezuiwa. Akasema moyoni: unyevu.

Magharibi simu ikalia, habari kutoka hotelini. Mwanamkasi, mpishi wa hoteli, aliingia mle saa tano, mlango ukakwama nyuma yake. Walimkuta amekufa, ameketi chini ya kitufe, kidole kimenyooka.

Kesho yake Jamil aliitwa kuijaribu kengele. Akabonyeza. Ikasikika hadi barabarani. Wakamuuliza kama ni nzima. Akajibu ni nzima.

Jibu hilo ndilo lililommaliza Bi Duni. Mama huyu aliiuzia hoteli pweza, na siku mbili kabla alikuwa amegombana na marehemu. Ikiwa kengele ni nzima na haikulia, watu walisema, basi imezibwa kwa uchawi. Kabla hitma haijasomwa, mlango wake ulikwishapigwa mawe.

Siku ya hitma Bi Duni alimfuata Jamil hadi kwenye gari, akamnong'oneza:

"Mwanangu, wewe ndiye unayeijua mashine. Nnakuuliza, ilikuwaje?"

Jamil akatazama viatu vyake.

"Sijui, Bi Duni."

Wiki nzima hakuweza kumtazama mkewe usoni.

Kisha, adhuhuri moja, alikuwa kwenye kazi nyingine. Hakuwa ameunganisha na Uroa. Kioo kikaandika: programu imesimama. Sababu, ishara ya kengele.

Akabonyeza iendelee. Ikasimama. Akabonyeza tena. Ikasimama.

Akapiga simu hotelini. Mlinzi akamwambia umeme wa chumba kile ulikatwa tangu siku ya maziko, na kitufe kiling'olewa.

Jamil akauliza kompyuta hali ya programu. Jibu: haipo. Imekwisha.

Chini ya jibu, ishara nyingine.

Akachomoa waya wa simu. Ikaja nyingine. Akabonyeza. Nyingine. Alihesabu bila kutaka. Ya sitini na moja ilipofika, pakawa kimya. Kioo kikabaki kikingoja neno lake.

Alasiri ile ile alikwenda Uroa. Akamweleza Bi Duni yote, amri, usingizi na uongo. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Nshasikia," alisema. "Sasa nenda kawaambie waliopiga mlango wangu."

Akawaambia, barazani pa msikiti. Mume wa Mwanamkasi aliinuka akaondoka. Wengine waliinamisha vichwa. Wao nao walikuwa na la kuwaaibisha.

Alipomuaga Bi Duni, alimpa mkono. Bibi aliushika, akauachia upesi.

"Umeshika nini, mwanangu?"

Hakushika kitu. Lakini ncha ya kidole alichobonyezea ilikuwa nyeupe, ngumu. Hospitali hawakuona ugonjwa.

Tangu hapo hakumpa mtu mkono. Alipokuja kutupa pole kwa msiba wa bibi yetu mzaa mama, mwezi wa Februari, jua likiwaka, alituamkia kwa kuweka kiganja kifuani, macho chini. Hakukaa sana. Alipoondoka, tukaona kwenye mkono wa kiti kidoa cha barafu, kadiri ya ncha ya kidole.

Mchana kutwa hakikuyeyuka.