Hodi Kwenye Lifti

Kahambu, rafiki wa dada yangu, aliapa ubalozini kwamba hatabaki Ulaya, ndipo akapewa viza akajitembelee Brussels peke yake. Mchana mmoja, akirudi mtaa wa Saint-Josse alikopanga chumba, tumbo limejaa chokoleti, lifti aliyopanda ilikwama kati ya ghorofa mbili. Taa ikazimika.

Akabonyeza kengele. Sauti ya mashine ikamtaka achague Kifaransa au Kiholanzi. Mji ule hata hofu ina lugha mbili rasmi. Akachagua Kifaransa, akaambiwa fundi yuko njiani, kisha laini ikakatika.

"Bon, mimi nilisema sitabaki," akaliambia giza, "alafu munanifungia!"

Alisikia pumzi zake tu, mpaka mlango ulipogongwa polepole kwa nje.

"Hodi?"

Sauti ya mwanamke, tena Kiswahili cha nyumbani! Kahambu nusura alie kwa furaha. Kwao Butembo, mashariki ya Kongo, hodi haiachwi bila jibu.

"Karibu, maman! Ingia, ingia!"

Mlango haukufunguka. Ila sakafu ilizama kidogo chini ya miguu yake, kama lifti inavyozama mtu mwingine anapoingia.