Vitambaa vya Kufunga Macho

Ndugu zangu wa Majengo, na nyinyi mliohamia hapa karibuni, nisikilizeni kidogo. Sina hasira. Ilinitoka, ikaacha ganzi, na kwa ganzi hiyo nitawasimulia mambo ya nyumba moja mnayoijua.

Baraza ya Mudathiru, fundi cherehani, si ngeni hapa Gisenyi. Mimi, Mama Belise, hukaa pembeni hapo hapo nikishonea watu vifungo na zipu. Asubuhi zetu zilikuwa tulivu. Wanawake wanarudi kutoka Goma na vitenge kichwani, cherehani inalia, redio inasoma habari na Mudathiru anabishana nayo. Kisha binti yake Nadra anatoka na komputa mgongoni. "Papa, naenda." "Mungu akuongoze, mama." Mke wake alifariki zamani, na huyo binti ndiye jamaa yake wa pekee aliyebaki chini ya paa lile.

Nadra anaandika programu za komputa. Mwaka ule alichaguliwa kuongoza maandalizi ya Siku ya Tovuti kwa Wote. Vijana wa wilaya yetu ya Rubavu wangekaa pamoja kutengeneza upya kurasa za mtandao, ili hata asiyeona azitumie. Alinieleza mwenyewe: kuna simu inayomsomea kipofu kwa sauti, lakini ukurasa ukijengwa ovyo, simu inafika mahali inanyamaza. Ilikuwa kazi njema. Asije mtu akasema kwamba Mama Belise aliipinga.

Baba yake alikuwa na presha ya macho. Alikuwa akitia dawa ya matone, na kila ilipokaribia kuisha alikwenda kupimwa na kupewa nyingine. Mwaka huo huo hospitali yake, ambayo sitaitaja, ikaamua kwamba siku ya kumwona daktari ichukuliwe kwenye mtandao tu. Mwishoni ukurasa ulionyesha vijipicha, ukataka uguse vyenye pikipiki, kuthibitisha kwamba wewe si mashine. Mudathiru aliileta simu hadi puani. Aligusa, ikamkataa. Akagusa tena, ikamrudisha mwanzo.

"Nadra, mama, unisaidie kuchukua rande-vu ya daktari," alimwambia jioni. "Ile mapicha inanishinda."

"Papa, ngoja kidogo. Iko réunion na watu wa Kigali. Kesho."

Kesho ikaja na mkutano wake. Dawa ikaisha. Alikwenda hospitali kwa miguu, mlinzi akamrudisha getini: "Muzee, rande-vu inachukuliwa ku telefone. Bila hiyo siwezi kukuingiza."

Mimi nilimwambia, "Mudathiru, nimwite Cedric wa duka la simu. Atakufanyia sasa hivi, hata chai haitapoa."

"Hapana, Mama Belise. Mutaa muzima wanajua mutoto wangu ndiye wa komputa. Nikiomba inje watasema nini? Watasema Nadra hana maana. Nitamungoja."

Hapo mnisikilize vizuri. Huu ndio ugonjwa wetu hapa mtaani. Tukiwa na mtoto aliyesoma, tunaona aibu kuomba kwa jirani kile ambacho mtoto angepaswa kutupa. Tunalinda jina lake, sisi tunaumia kimya kimya.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Tulikuwa tunafyeka kando ya mtaro wa barabara. Mudathiru alifyeka majani, akaendelea mpaka kwenye maua yaliyopandwa na kiongozi wa kijiji, akayalaza yote. Watu wakacheka. "Fundi, leo unakata kitenge cha nani?" Naye akacheka pamoja nao. Nadra alikuwa hatua chache kutoka pale, simu sikioni, akizungumza habari za mahema na viti.

Wiki iliyofuata waandalizi walikutana sebuleni kwa Mudathiru. Mlango ulikuwa wazi na mimi niko barazani, nikasikia kila neno.

"Tunahitaji mutu asiyeona," alisema Hirwa, mwenzake Nadra. "Ajaribu kurasa zetu, atuambie wapi inakwama. Tutamupata wapi?"

"Iko mwalimu Karekezi, Mahoko," Nadra akajibu. "Nitaenda mwenyewe."

Mudathiru alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliingia, akamimina chai kando ya kikombe, ikamwagika mezani. Nadra akapangusa haraka na kumwambia akapumzike. Kweli kesho yake alipanda basi hadi Mahoko, akakaa na Karekezi mchana kutwa, akimuuliza kwa upole kabisa kinachomsumbua kwenye simu. Alirudi ameguswa sana. Alinisimulia hapa barazani, na baba yake ameketi katikati yetu.

Waandalizi walikubaliana pia kwamba kila mshiriki afungwe kitambaa cheusi machoni kwa muda, ili aonje hali ya asiyeona. "Papa atashona," alisema Nadra. Mudathiru alifurahi. Mwishowe kulikuwa na kitu katika kazi ya binti yake ambacho na yeye alikiweza. Alishona akiwa ameinamisha kichwa, kidole kikitangulia mbele ya sindano.

Nadra alipokuja kuvichukua, alinyanyua kimoja, kisha kingine.

"Papa! Angalia hii. Uzi umepita inje ya kitambaa. Wageni wanakuja, nitawapatia hii?"

Mudathiru akakipapasa. "Pole, mama. Nilishona na kidole. Uzi siuonaki tena."

"Tangu lini?"

"Jicho la kuume, tangu mvua ilianza. Hii ingine imebakiza kidogo tu, kama tundu ya ufunguo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

Alisema hivyo bila ugomvi, kama mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. Nadra akabaki na kitambaa mkononi. Mtu alipita njiani akatusalimu, nikamwitikia mimi.

Asubuhi walikwenda hospitali bila rande-vu, nami nilifuatana nao. Nadra alimpita mlinzi bila kumtazama. Daktari alichungulia jicho moja, halafu la pili, akakaa chini. Alituambia kwamba presha ikiua mshipa wa jicho, mshipa haufufuki. Matone yangeulinda. La kuume limekwisha, la kushoto watajaribu. Nadra aliuliza kama kuna la kufanya, daktari akarudia maneno yale yale polepole. Tukarudi nyumbani tumemshika mikono, mmoja huku mmoja kule. Kila penye ukingo wa barabara aliinua mguu juu kupita kiasi. Nadra hakulia, na mimi sikulia. Tulitembea tu.

Wengi walidhani ataiacha ile Siku. Hakuiacha. Aliisimamia mpaka mwisho, na ilifana. Vitambaa vilibaki kwenye mfuko chini ya cherehani, hakuna aliyevaa. Mwalimu Karekezi alikaa mbele ya komputa, akawaonyesha vijana mahali simu inaponyamaza. Ukurasa wa kwanza waliotengeneza ulikuwa ule wa hospitali. Vijipicha vikaondolewa. Hospitali ikaupokea, watu wakapiga makofi. Nadra naye alipiga. Nilimwona: mikono inagongana, uso hauna habari.

Jicho la kushoto lilizima wakati wa kiangazi.

Siku hizi cherehani imefunikwa shuka. Nadra anarudi mapema, anapika, anauliza, "Papa, unahitaji nini?" na baba yake anajibu, "Hakuna, mama." Macho yakimuuma, Mudathiru anachukua simu na kutafuta rande-vu mwenyewe. Ukurasa unamsomea kila kitu hadi mwisho, haukwami popote. Juzi nilikuwapo. Simu ilisema, "Ombi lako limekubaliwa," naye akaishukuru, "Asante sana, mama," kama anavyomwambia mtu. Nadra alikuwa mlangoni na sahani ya chakula. Alisikia. Akaingia na kuiweka sahani mezani, akauongoza mkono wa baba yake hadi ilipo.

FUNZO

Enyi vijana, kusaidia watu ni jambo zuri, na aliyekuchagua kwa kazi hiyo hakukosea. Lakini usimfuate asiyeona hadi Mahoko ukamruka aliyekaa kwenu. Baba akikuomba jambo dogo, lifanye kabla hujafunga mlango. Huenda kwake si dogo.

Na nyinyi wazazi wenzangu, aibu haiponyi. Mtoto akichelewa, ombeni kwa jirani, na mtaa useme utakavyo. Mudathiru alilinda jina la Nadra, na leo jina hilo liko salama. Nadra anasifiwa mpaka Kigali, na baba yake anazisikia sifa hizo kwenye redio, ila uso wa mwanawe hatauona tena.