Hodi Tatu Kwenye Chumba cha Babu

Kila siku akitoka shule, Mboni alifanya mambo matatu kabla ya kula. Alivua viatu uani, akanawa miguu, kisha akaenda kumwamkia bibi yake na kuweka sikio mgongoni kwake. Hakuwa daktari; alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Lakini alijua kifua cha Bibi Zuwena kilivyolia siku za vumbi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo paka wamo wangapi kifuani?"

"Leo yumo paka mmoja tu, na amelala."

"Alhamdulillahi. Jana walikuwa watatu, wanagombana."

Waliishi wawili tu katika nyumba ya zamani pale Ngamiani, mjini Tanga, nyumba yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Chumba cha Bibi kilikuwa kushoto. Kilichokuwa ubavuni mwake kilikuwa cha marehemu Babu Uweso. Tangu Babu alipofariki, miaka miwili iliyopita, hakikufunguliwa. Ufunguo wake Bibi aliufunga kwenye pindo la kanga, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mama yake Mboni, Asmahani, alikuwa akifanya kazi Maskati mwaka wa tatu sasa. Alipiga simu kila Ijumaa kwenye kitochi cha Bibi, na simu ile haikuwa na picha. Usiku mwingine Mboni alijaribu kuukumbuka uso wa mama yake, ukamjia nusu.

Daktari aliposema kwamba vumbi la fagio ndilo linalomkaba Bibi, wanawe walipatana kumnunulia mashine ya kufagia na kupiga deki yenyewe. Mjomba Luqmani, mwenye duka la vifaa vya umeme, alileta mbili, mviringo kama masinia, moja nyeupe na moja nyeusi. Alileta pia kisanduku kidogo cha intaneti, akakiweka juu ya kabati.

"Hizi zote ni za hali ya juu," alisema huku akichuchumaa sakafuni. "Nyeupe ina kamera na spika. Inaona vitu na kuvikwepa. Nyeusi haioni wala haisemi, lakini ina brashi ya pembeni, inapanda vizingiti, na ikikuta uchafu hairidhiki mpaka uishe. Mtazijaribu siku kumi, kwa zamu, kila siku baada ya alasiri. Moja itabaki, nyingine nitairudisha dukani."

Kisha akampa Mboni daftari jipya. "Kila siku utamwaga taka kwenye gazeti, uzipime kwa kijiko, uandike. Mimi niko dukani, mama yako yuko mbali, Bibi macho yamechoka. Utakachoandika wewe ndicho tutakachokiamini."

"Sawa, Mjomba."

Mjomba alibonyeza simu yake. Ghafla Nyeupe ikawaka taa ya kijani, ikajitikisa, na sauti ikatoka sakafuni: "Mboni! Mwanangu! Simama vizuri nikuone. Yallah, umerefuka!"

Bibi alirukia kitandani. "Asmahani! Umeingia vipi humo chini?"

Mama alicheka. Mboni hakucheka. Alilala kifudifudi kwenye saruji baridi, uso wake mbele ya kile kijicho cha kioo, akazungumza na mama yake mpaka adhana ya magharibi. Usiku ule alikwishachagua. Nyeupe itabaki, hata kama haitaokota unyoya.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya Nyeusi. Ilizunguka ukumbi kimyakimya, ikainua kitambaa chake cha deki ilipofika kwenye mkeka, ikakishusha ilipovuka. Halafu ikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa Babu na kuugonga.

Tok. Ikarudi nyuma. Tok. Ikarudi nyuma. Tok.

Bibi aliacha kuchambua mchele. Saa kama ile, baada ya alasiri, Babu alikuwa akigonga mlango kwa bakora mara tatu ili aletewe kahawa.

"Karibu," Bibi akasema taratibu, kabla hajajizuia.

Nywele za Mboni zilisimama. Nyeusi ilibaki pale mlangoni, ikizunguka mahali pamoja, ikinung'unika chinichini. Mboni alipomwaga taka zake kwenye gazeti, alikuta unga laini wa rangi ya manjano iliyofifia, kama unga wa muhogo uliokaa sana. Ulikuwa vijiko sita. Taka za Nyeupe za siku iliyotangulia zilikuwa vijiko viwili tu, kwa sababu ilipita mbali na milango.

Alishika kalamu. Aliangalia Nyeupe iliyolala kwenye chaja yake. Kisha akaandika: Nyeupe, vijiko sita. Nyeusi, vijiko viwili.

Jioni ile Bibi aliweka chetezo mbele ya mlango wa Babu akafukiza ubani. Moshi ulipanda, ukajikunja chini ya dari, ukapotelea katika nyufa. Tangu hapo alifukiza kila jioni. Kwa hiyo hata alipouona ule unga chini ya mlango, alisema, "Majivu ya chetezo hayo," na Mboni akamwacha aamini hivyo.

Siku ya nne Nyeusi iligonga tena. Tok, tok, tok. Siku ya sita vilevile. Jirani yao Loveness, ambaye wazazi wake walihamia Tanga kutoka Lushoto, alikuja kushuhudia. Alisimama kwenye kizingiti cha mbele, mguu mmoja ndani, mmoja nje, tayari kukimbia.

"Babu yako anataka kahawa," alinong'ona.

"Nyamaza wewe!"

"Mpelekeeni basi. Au hii mashine imeingiwa. Sisi kwetu ingekwishaombewa."

"Ndiyo maana irudishwe dukani," Mboni alisema haraka.

"Na wewe usiku hulali?"

"Nalala."

Alikuwa akidanganya hapo pia. Usiku alisikia kitu ukutani, kidogo sana, kama mtu anayetafuna kaukau akiwa ameziba mdomo. Kila aliposhusha pumzi, kilinyamaza.

Alizidi kuandika uongo. Siku za Nyeupe alifagia mlangoni kwa Babu kwa ufagio wa chelewa, haraka haraka, kabla Bibi hajatoka kusali, ili ionekane Nyeupe imesafisha. Siku za Nyeusi aliandika: "Imegonga mlango. Haikufanya kazi." Na kila zamu ya Nyeupe mama alikuja, sauti yake ikitambaa sakafuni kutoka chumba hadi chumba: "Mwanangu uko wapi? Nionyeshe daftari la hesabu." Mboni akafurahi, na katikati ya furaha akahisi kitu kikimkwaruza.

Siku ya nane aliweka sikio mgongoni kwa Bibi, akasikiliza mara mbili.

"Wangapi?" Bibi aliuliza.

"Wengi, Bibi."

"Labda ni ubani. Umekwisha tangu juzi, lakini moshi wake hukaa." Bibi alimpapasa kichwa. "Usihuzunike. Wewe unafanya kazi yako vizuri. Nimemwambia Luqmani kwamba daftari lako ni safi kuliko la karani."

Maneno yale yalimchoma kuliko kofi.

Siku ya kumi mbingu zilijaa mawingu, umeme ukakatika, na ukumbi ukawa kama ndani ya chupa ya rangi ya moshi. Bibi alikuwa amejilaza chumbani kwake. Mjomba Luqmani alisema angefika kabla ya magharibi kuichukua Nyeusi. Ilikuwa zamu yake ya mwisho. Kwa kuwa ilikuwa na chaji, iliondoka ukutani saa yake ilipofika, ikapita mbele ya miguu ya Mboni bila kuigusa.

Tok.

Mboni alibana magoti.

Tok. Tok.

Kisha, kutoka ndani ya chumba kilichofungwa miaka miwili, kitu kikajibu. Krrrr. Kikafuatiwa na sauti ya kitu chepesi kikimwagika, kama mchanga juu ya gazeti. Chini ya mlango unga ukachuruzika, mstari mwembamba, hai, ukaja mpaka kwenye kidole chake cha mguu.

Alitaka kukimbilia kwa kina Loveness. Badala yake aliinama. Akabaki akiutazama ule unga, na polepole wazo moja likapenya katika hofu yake. Chetezo kilikuwa jikoni, kitupu. Ubani ulikuwa umekwisha siku nne zilizopita. Majivu haya yalitoka wapi?

Alisogea mpaka kwenye mlango wa Bibi, akachungulia. Bibi alilala chali. Juu yake ilipita boriti nene ya mkoko iliyotoka chumba cha Babu, ikapenya ukutani, ikabeba dari ya vyumba vyote viwili. Na kwenye mto, kando ya shavu la Bibi, palikuwa na unga uleule. Bibi alivuta pumzi, na paka wote wa kifuani wakalia pamoja.

Mboni alijua kwamba angeweza kumwamsha tu na kunyamaza kuhusu daftari. Lakini nani angemwamini kuhusu unga, ikiwa daftari lilisema Nyeusi haikufanya kazi? Na Nyeusi, iliyojua mahali ulipo, ingekuwa imekwenda zake.

"Bibi! Bibi, amka, toka humu."

"Kuna nini? Umeona kitu?"

"Nimedanganya, Bibi." Alikuwa akimvuta mkono huku akilia. "Nimedanganya siku zote kumi. Si majivu. Nyeusi ndiyo inayookota. Daftari lote nimeligeuza. Toka kwanza, halafu unipige."

Bibi hakumpiga wala hakuuliza. Aliufuata ule mkono mdogo, akakaa kwenye kibaraza cha mbele. Mjomba Luqmani alimkuta hapo alipoegesha pikipiki yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama unga, akaunusa, akaenda mbio kumwita Mzee Castory, fundi seremala wa nyumba ya tatu.

"Mama, ufunguo," Mjomba aliomba.

Bibi alilishika pindo la kanga. Vidole vyake vilichelewa kwenye fundo. Mboni alimsaidia kulifungua.

Mlango ulilia. Ndani mlinukia karafuu na vumbi. Kitanda cha Babu, kofia yake kwenye msumari, bakora yake pembeni, vyote vilikuwa vyeupe kwa unga, kama vimefunikwa sanda. Mboni alimkumbatia Bibi kiunoni. Mzee Castory alipanda juu ya kigoda, akachukua bisibisi, akaisukuma kidogo tu kwenye boriti. Ikazama hadi mpini, kama kisu kwenye mkate wa boflo.

"Ya Rabi," Mjomba alisema.

Fundi alishuka taratibu sana. "Vidudu vimeibungua yote, imebaki ganda. Mtoto huyu alisikia sauti? Ilikuwa inapasuka. Tokeni wote. Nafuata miti ya kuegemezea, na mtu asiguse hata kitanda."

Hakufika mbali. Walikuwa bado barazani waliposikia mlio mrefu, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi, kisha kishindo. Vumbi likatoka mlangoni, likasimama barabarani. Lilipotulia, Mjomba alichungulia kwa tochi. Boriti ilikuwa imelala juu ya kitanda cha Bibi, kutoka kwenye mto hadi miguuni.

Loveness, aliyekuja mbio aliposikia kishindo, alileta maji kikombeni bila kuombwa, akampa Bibi kwanza, kisha Mboni, kisha akakaa karibu yao. Siku ile hakuwa na utani.

Wiki mbili Bibi na Mboni walilala kwa Mjomba, hadi Mzee Castory alipoweka boriti mpya na kuzipaka dawa boriti nyingine zote. Siku waliyorudi, Mboni aliileta Nyeupe mwenyewe, imefungwa vizuri ndani ya boksi lake, akamkabidhi Mjomba pamoja na daftari. Alikuwa ameandika kurasa zote upya, kwa ukweli.

"Kwa nini uliligeuza lile la kwanza?" Mjomba aliuliza. Hakufoka.

Mboni aliangalia vidole vyake. "Nyeupe ina Mama ndani."

Mjomba Luqmani alivua kofia, akaivaa tena. Alitia mkono mfukoni, akatoa simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Hii imelala dukani tangu mfungo uliopita. Picha inaonyesha. Itakaa kwa Bibi, na kila siku baada ya alasiri utazungumza na mama yako. Mbona hukusema, Mboni?"

Bibi alimvuta mjukuu wake, akamketisha mkekani.

"Kumtamani mama si kosa," alisema. "Mimi nami nilimtamani babu yako, ndiyo maana nilifunga mlango na kufukiza ubani, nikaita majivu kitu ambacho sikutaka kukitazama. Lakini mtu akikwambia 'tazama kwa niaba yetu', amekukabidhi zaidi ya daftari. Amekukabidhi usalama wake. Ukiandika uongo mdogo, wenzako hulala chini yake bila kujua kama utawabeba. Ile boriti kwa nje ilikuwa nzima. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nilikusamehe uliponivuta mkono. Ulikuwa unaogopa, na hukuniacha."

Adhana ya alasiri ilikwisha. Nyeusi iliondoka ukutani, ikapita ukumbini ikinung'unika. Ilifika kwenye chumba cha Babu, ambacho sasa mlango wake ulikuwa wazi na madirisha yake yakiingiza upepo. Wote watatu walisubiri.

Haikugonga. Ilipanda kizingiti, ikaingia.

"Karibu," Bibi akasema, kisha akamgeukia Mboni. "Haya, njoo nisikilize kifua."

Mboni aliweka sikio mgongoni kwake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Wangapi?"

"Hayumo hata mmoja, Bibi," alisema Mboni, na ilikuwa kweli.