Furungu la Mwanaasha

Mwanaasha alianza kula kwa mikono miwili. Si kwa pupa, hapana. Viganja vilikwenda kwenye sahani vimegandana, kama vimefungwa kamba usiyoiona, vikarudi mdomoni vimegandana vilevile. Mumewe Talha alicheka mpaka akapaliwa na wali.

"We mwanamke, ndo ngoma gani hiyo?"

Mwanaasha akachota tonge jingine, vilevile.

Talha alikuwa fundi wa kuchomelea pale Chang'ombe, fundi kwelikweli. Muulize mwenyewe, atakwambia mpaka jua lizame. Mwaka ule wa tisini na tatu kila mwenye duka jipya alitaka geti, na Talha akawa ananunua vyuma chakavu kwa kilo. Kwenye mzigo mmoja uliotoka kusini aliokota pete nene, nyeusi, ya kuenea kifundo cha mguu. Wenzake wakamwambia itupe. Nani, Talha? Akaisugua kwa brashi ya waya, akaipaka rangi ya fedha, akampelekea mkewe.

"Furungu la kale hilo, la mabibi wa kisharifu. Nani Temeke nzima anamvisha mkewe namna hii?"

Mwanaasha akalivaa kwa madaha. Likaingia, halikutoka tena, na kesho yake ndipo akaanza kula kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, harufu ikajaa chumbani: kidonda kibichi na maji ya kisima yaliyooza. Kila Mwanaasha alipopiga hatua, kitu kiliburuzika nyuma yake kwenye saruji, kra, kra, na ukitazama hukioni. Talha akaleta msumeno, meno yakaisha. Akaleta moto wa gesi, akamzungushia mkewe matambara mabichi mguuni, akachoma mpaka jasho likamwingia machoni, na chuma kikabaki baridi kama kimetoka mtungini, huku Mwanaasha akimkazia macho kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

Ndipo akaitwa Mzee Kondo, mpunga pepo. Mzee akafukiza ubani, akamfunika Mwanaasha shuka jeupe.

"Nani mwenzetu uliyempanda huyu binti?"

Ikajibu sauti ya kiume, kavu. "Mateka. Kabla Mreno hajaijua pwani hii, mji wetu ulishindwa vitani. Wenye ndugu wa kuleta fidia waliachiwa. Wasio na mtu walichinjwa ufukweni, wengine wakauzwa. Mimi nilitiwa shimoni na chuma hiki, mikono imefungwa, maana kaka yangu aliahidi kuja. Nikafa namngoja. Bado namngoja."

"Akija?"

"Desturi ni moja. Yeye atabaki rehani, mimi nitakwenda kutafuta fidia."

Mzee Kondo akamwinamia Talha sikioni. "Sasa nitauliza nani kaja. Nyamaza kabisa. Najibu mie, mie nina kinga. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, mzee."

"Nani kaja?" akauliza Mzee Kondo.

Kunyamaza tu, jamani. Lakini huyu ni Talha, na anayelia sasa chini ya shuka, kwa sauti yake mwenyewe, ni mkewe.

"Mie!" akapiga kifua. "Mie mwanaume, nimekuja kumtoa!"

Kitu kikalia kama kufuli. Baridi ikamshika Talha kifundoni.

"Kaka," ikasema sauti ile, ikilia kwa furaha. Mikono ya Mwanaasha ikamkumbatia, mikono yenye hina aliyoipenda, kisha ikajitanda kanga, na miguu ya Mwanaasha ikaelekea mlangoni, myepesi.

"Mwanaasha! Mke wangu!"

Talha akakimbia hatua nne, mguu ukavutwa nyuma, kra, akaanguka kifudifudi. Furungu lilikuwa mguuni kwake. Nje, jirani yao Filomena aliuliza, "Dada, unakwenda wapi na jua lote hili?" Nyayo zikapita, zikazidi kwenda mbali.

"Mzee, mrudishe. Nakupigia magoti."

"Nimrudishe kwa neno gani?" Mzee Kondo aliliokota shuka jeupe. "Mateka umemtoa mwenyewe, kwa mdomo wako. Na mkeo kamchukua awe miguu yake."

Akazima ubani. Akaisogeza ndoo ya maji, akapima kwa macho, akaisogeza tena kidogo mpaka pale mkono wa Talha unapofika. Kisha akatoka.