Mlango Uliojua Kujibu

Mlango ulimsalimu Somoe kabla hajainua mkono kugonga.

"Karibu, bibie. Pole na safari. Maji ya moto yapo, na kitanda kimetandikwa."

Alipoingia ulimwomba jambo moja tu: azungumze nao kidogo ili ujifunze sauti yake. Hiyo ndiyo kazi ya mlango-mjibu, chombo ambacho watu wa jiji la Nuruni walijivunia kuliko hata treni zao za sumaku. Ukishaijua sauti ya mwenye nyumba, mlango humpokelea wageni, humwitikia salamu na humjibia simu, naye amejilalia zake. Huko Nuruni mtu haulizwi asilotaka kuulizwa.

Somoe aliona amefika peponi. Alikuwa mjane, fundi cherehani wa Kilwa Kivinje, na kama kuna kitu kilichomchosha huko kwao, ni hodi. Hodi ya chumvi, hodi ya umbea, hodi ya mpita njia anayetaka tu kujua kumepikwa nini. Kinara wao alikuwa wifi yake Asumini, mke wa kaka yake, mwanamke awezaye kumhoji maiti mpaka akajibu. Jiji lilikuwa limempa Somoe wiki moja ya kuonja. Ikiisha, aseme kama anahamia. Yeye moyoni alikwisha kusema. Alipanda barabara zinazojisogeza zenyewe, akatazama majengo yanayogeuka polepole kulifuata jua, na jioni akipiga pasi nguo zake alijisemea peke yake, kwa sauti, mahali atakapoiweka cherehani.

Katika chumba cha jirani alikaa mwalimu mstaafu, Bibi Perpetua. Somoe hakuwahi kumwona, lakini hakupita mlangoni pake bila kumsalimu. Jiji ni jiji, adabu ni adabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Salama. Sina neno."

Siku moja akampikia visheti. Sauti ya bibi ilishukuru sana, ikamwombea kheri, ikasema aviache kizingitini. Asubuhi yake Somoe alivikuta palepale, havijaguswa hata kimoja. Nuruni haina hata sisimizi.

"Bibi, visheti hukuvipenda?"

"Vitamu kweli, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Somoe alivitazama visheti vile, vizima vyote. Akaenda kumwita msimamizi wa jengo, Ndugu Kanju, mtu mpole mwenye funguo ambazo karibu hazikuwahi kutumika.

"Hatuingii kwa mtu asiyelalamika, mama," Kanju alisema.

"Basi nalalamika mimi. Fungua."

Bibi Perpetua alikuwa kitandani, amejifunika shuka mpaka kifuani. Hewa ya Nuruni huchujwa na kukaushwa, kwa hiyo hapakuwa na harufu yoyote. Bibi alikuwa amekauka, amekuwa mdogo kama mtoto, na alikuwa amekufa zamani. Somoe aliguna tu. Machozi hayakumjia, hofu ilikuwa imeyazuia.

"Tunauliza kila wiki," Kanju alisema. "Mlango unaulizwa, u hali gani, wahitaji msaada? Unajibu salama. Ulijifunza kwenu nyinyi wakazi. Kila aliyeulizwa hali alijibu salama, hata mgonjwa. Jengo zima linajibu salama."

"Na wazima ni wangapi?"

Kanju aliutazama ushoroba ule mrefu, na milango yake kila upande.

Somoe akakimbilia chumbani kwake kuchukua mizigo. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani simu ilikuwa ikizungumzwa. Alimsikia Asumini, sauti juu kama kawaida yake.

"Habari za huko, wifi?"

"Nzuri," ilijibu sauti nyingine, na ilikuwa sauti ya Somoe.

"Nzuri ila?"

"Nzuri tu. Nimeamua kuhamia. Cherehani nitaiweka karibu na dirisha."

"We nani?" Asumini aliuliza polepole. "Wifi yangu namjua mimi. Nzuri yake haikosi mkia. Nzuri ila mguu, nzuri ila jino, nzuri ila wewe Asumini umenichosha. Hajapata kunijibu nzuri ikaishia hapo. Mmemfanya nini?"

Hapo ndipo Somoe alipoangua kilio. Mwanamke ambaye yeye alimkimbia kwa maswali yake ndiye peke yake, duniani kote, aliyekuwa akingoja neno la pili. Akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Wifi! Niko nje! Niko nje huku!"

"Samahani," mlango ukamwambia kwa sauti yake mwenyewe. "Mwenye sauti hiyo yumo ndani, anapumzika."

"Mbona nasikia watu wawili?" Asumini alipiga kelele. "Somoe! Ikiwa ni wewe unayelia, usiondoke hapo. Namchukua kaka yako, tunakuja leo hii hii."

"Karibuni sana," ikajibu sauti ya ndani kwa furaha, kabla Somoe hajapata pumzi. "Mtapapenda."