Ruta Mpya ya Yudelka

Yaliyompata rafiki yangu Yudelka, kule Santiago, Jamhuri ya Dominikana, bado yananikosesha raha. Nyumba yao ina watu tele, na ruta za intaneti za bei rahisi zilikuwa zikiungua kila umeme ulipokatika na kurudi. Safari hii alikwenda dukani kwa Don Fermín amekasirika.

"Don Fermín, nipe itakayodumu. Nyumbani hawanipi nafasi ya kupumua!"

"Chukua hii, binti yangu. Hii itatuzika sote."

Alasiri ile mvua ilinyesha, umeme ukakatika, nyumba ikawa giza. Yudelka akaiwasha ruta kwa betri, akatunga neno la siri kichwani, akaliingiza.

"Yude, neno la siri lipi?" kaka yake Wilkin alipiga kelele kutoka chumbani. "Bosi ananisubiri mtandaoni!"

"Ngoja, wewe! Sijamaliza."

Ndipo aliposikia vitufe vikibonyezwa polepole, ti... ti... ti..., mwisho wa ukumbi. Sauti ilitoka chumba cha bibi yao Mercedes, kilichotiwa kufuli tangu wamzike. Tableti yake ilikuwa bado humo, na hakuna aliyewahi kuichaji tangu hapo. Ukasikika mlio wa tableti kuunganishwa na mtandao.

Wilkin akatoka mbio. "Umempa nani neno la siri?"

"Sijampa mtu."

Mle ndani, padri wa mtandaoni akaanza rozari: "Salamu Maria, umejaa neema..." Alipofika mwisho wa sehemu yake akanyamaza, awape waumini nafasi ya kuitikia.

Na nyuma ya kufuli, gizani, sauti kavu ya kizee ikaitikia, kwa kuchelewa kidogo: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee."