Taa Iliyowaka Ndani ya Buti

Siku Shadia alipokutana na Saady, gari lake lilikuwa limeziba njia ya kuingilia sokoni Kasulu, na bodaboda walikuwa wanamtukana hadi ukoo. Korola kuukuu ya marehemu baba yake, imejaa majora ya vitenge, imezima kabisa. Akajitokeza kijana mrefu, ovaroli ya buluu, tabasamu hadi masikioni.

"Dada, unafungua boneti au unaendelea kujibizana nao?"

"Wewe fundi au mshereheshaji?"

"Fundi umeme. Sherehe tutaiongelea baadaye."

Shadia akacheka bila kupenda. Saady akalibusti gari kwa betri nyingine hadi likawaka, akapimapima, akakuta swichi ya taa ya buti imekwama. Taa ilikuwa inawaka mchana kutwa na usiku kucha, inanyonya betri. Akaitengeneza papo hapo.

Ajabu, wiki mbili hazijaisha betri ikalala tena. Na tena. Saady akalaumu waya za zamani, akalaumu alteneta, akalaumu baridi ya Kasulu! Shadia naye, tuseme ukweli, hakukasirika sana. Kila betri ilipolala alivaa dera la zambarau, akapaka wanja, ndipo akapiga simu.

"Fundi, mgonjwa wako kazidiwa."

"Gari au mwenye gari?"

"Njoo upime mwenyewe."

Mapenzi yakakolea hadi Saady akaahidi kuleta washenga Kibondo, kwa baba mdogo wa Shadia. Betri haikuacha vituko vyake.

Jumanne moja alfajiri, baba mdogo akapiga simu. Bibi aliyemlea Shadia yuko mahututi. "Anakuita wewe. Ana neno anasema hampi mwingine. Wahi, mwanangu."

Shadia akakimbilia gari. Kimya. Akampigia Saady, aliyekuwa Manyovu akitengeneza lori la watu.

"Usihangaike na basi, malkia wangu. Nisubiri, nakuja nikubusti."

Akasubiri. Saady alifika saa tano. Shadia aliingia Kibondo alasiri, akakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo. Sisi Waislamu hatuchelewi kuzika.

Siku tatu za matanga Saady alipiga simu asubuhi na jioni, akampa pole, akalia naye. Siku ya nne gari likagoma. Akaitwa mzee Tharsisi, fundi wa pale Kibondo. Yeye hakuwa na haraka. Aliichaji betri kwanza, kisha akachomoa waya mmoja wa betri na kuweka mita katikati.

"Gari limezimwa, funguo unayo wewe, na bado kuna kitu kinakula moto wa betri," alisema. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Alipofika kwenye ya taa za ndani, mita ikashuka. Akairudisha, akalaza kiti cha nyuma. "Chungulia, mwana wanje, chungulia mwanangu."

Buti lilikuwa limefungwa, na ndani yake taa inawaka.

"Swichi ni nzima. Ila kuna mtu kairuka kwa waya, makusudi, ili taa isizimike. Kazi safi, ya fundi. Nani analishika gari hili?"

Alikuwa mmoja tu. Shadia akapiga simu.

"Saady, nani alifunga waya kwenye taa ya buti?"

"Ni mimi." Saady alikiri. "Siku ile ya sokoni. Niliona nikimaliza kazi hutarudi tena."

"Na tulipopendana?"

"Niliona haya kusema. Nikapanga niutoe kimyakimya."

"Jumanne ulijua. Ulijua, na ukanikataza basi!"

"Nilidhani nitawahi. Wallahi, Shadia, nilidhani nitawahi."

Alikuwa analia, na tusimwonee, yalikuwa machozi ya kweli. Shadia alimpenda bado, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu aliyemliwaza siku tatu ndiye aliyemchelewesha.

"Ungeniambia tu njoo, Saady. Ningekuja hata kwa miguu."

"Na nikikuita sasa, mpenzi, utakuja?"

"Bibi naye aliniita."

Akakata simu, akaingia ndani kumwambia baba mdogo kwamba washenga wa Saady wasije tena.